Muziki wa Gari kwa Hatua: Kinunuliwe Nini Kwanza, na kwa Nani

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii mbele ya madereva wa teksi na malori, mafundi wa umeme wa magari na vijana wa boda boda, Busia, upande wa Uganda



Yumkini wapo waliostaajabu waliposikia kwamba polisi wameitisha mkutano wa kuzungumzia spika. Sababu ni hii. Kioo kilichovunjwa na redio iliyong'olewa ni habari isiyokwisha katika vitabu vya kituo chochote cha polisi kilicho karibu na maegesho. Redio haing'olewi ili itupwe. Hung'olewa kwa sababu yupo mtu atakayeinunua. Na mnunuzi huyo mara nyingi si mwizi. Ni kijana mwenye kazi yake halali, anayetaka gari lake lipendeze na abiria wake wafurahi, naye ameaminishwa kwamba muziki mzuri hununuliwa wote kwa siku moja, au haununuliwi kabisa. Kwa kuwa hana fedha za siku moja, humsikiliza mtu anayekuja jioni na mfuko mweusi wa plastiki. Leo nataka kuibomoa imani hiyo, kwa kuonyesha kwamba muziki wa gari hujengwa kidogo kidogo kama nyumba, na kwamba anayeujenga hivyo huishia kuwa na sauti bora kuliko yule aliyenunua kila kitu kwa pupa.

Kabla ya hapo, neno moja la sheria. Kuwa na spika kubwa garini si kosa. Kuwa na amplifaya si kosa. Nimeyasikia malalamiko kwamba yupo askari anayesimamisha gari kwa sababu tu ameona sabufa nyuma ya kiti, kisha akaanza kuzungumzia chai. Askari wa namna hiyo hana sheria nyuma yake. Chukueni namba yake ya utumishi mtuletee. Yaliyo makosa ni mengine: kuwakosesha raia usingizi kwa kelele, jambo ambalo Uganda imekuwa na kanuni zake tangu mwaka 2003, kuendesha kwa namna inayohatarisha watu, na kupokea mali huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Hili la mwisho ni kosa hapa, na ni kosa kule Kenya vilevile. Maneno "sababu ya kuamini" yatazameni vizuri. Redio inayouzwa theluthi moja ya bei ya dukani, usiku, bila kasha, bila risiti, nyaya zake zimekatwa kwa kisu badala ya kuchomolewa kwenye plagi, hiyo ni sababu ya kuamini inayoning'inia mbele ya macho.

Nitawapa mfano mmoja, bila kutaja jina wala upande wa mpaka. Dereva mmoja wa teksi alinunua redio ya namna hiyo. Akaifunga, ikaimba, akafurahi kwa muda wa wiki mbili hivi. Siku moja akapanda abiria, mwalimu wa shule, akakaa mbele. Dereva alipobonyeza kitufe cha kuunganisha simu, kioo cha redio kikaonyesha majina ya simu zilizowahi kuunganishwa hapo awali: jina la mwalimu yule, na chini yake jina la mtoto wake. Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu alishuka steji, akaja kituoni. Dereva alipoteza redio, alipoteza fedha aliyolipa, alipoteza siku za kazi akiandika maelezo, na mwenye gari akamnyang'anya ufunguo. Mwalimu naye, ingawa redio yake ilirudi, alikuwa amekwisha kulipia kioo cha mlango, dashibodi iliyopasuliwa na mtandao wa nyaya uliokatwa, gharama iliyopita thamani ya redio yenyewe. Aliyepata faida katika hadithi hii ni mmoja tu, naye hakupatikana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Niliwauliza mafundi wetu watatu, kila mmoja peke yake, ni kitu gani wangekifanya kwanza katika gari lenye sauti mbaya na mwenyewe hana fedha. Jibu lao lilifanana: kwanza rekebisha kilichopo.

Fungueni mlango mtazame. Katika magari mengi yaliyokwisha kupita mikononi mwa watu wanne au watano, spika moja imefungwa kinyume: waya chanya umekwenda kwenye hasi. Spika haiungui kwa kosa hilo, na muziki unasikika. Lakini wakati ngozi ya spika ya kushoto inasukuma hewa mbele, ya kulia inavuta nyuma, na besi za pande mbili zinauana katikati ya gari. Mwenye gari husema, "Spika hizi hazina besi," akaenda kununua nyingine. Dawa yake ni jiwe moja la tochi la volti 1.5. Ondoa nyaya za spika kwenye redio, gusisha chanya ya jiwe kwenye waya unaodhaniwa kuwa chanya, na hasi kwenye hasi, kwa nukta moja tu. Ngozi ya spika ikiruka kuja nje, waya uko sawa. Ikirudi ndani, umegeuzwa. Fanya hivyo kwa spika zote nne. Gharama ni bei ya jiwe la tochi.

Jambo la pili ni mlango wenyewe. Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na sauti ya nyuma ni kinyume cha ile ya mbele. Mlango wa gari una matundu makubwa ndani yake, ambayo kiwandani yalifunikwa kwa karatasi ya nailoni. Karatasi hiyo katika magari yetu ilikwisha kuchanwa zamani na fundi wa vioo. Basi sauti ya nyuma inapita matunduni, inakutana na ya mbele, na besi inakufa kabla haijafika sikioni. Zibeni matundu hayo. Zipo karatasi nzito za lami zenye upande wa gundi na upande wa foili, zile zinazotumika kuziba maungio ya mabati ya paa. Fundi akizibandika vizuri juu ya matundu, na vipande vichache katikati ya bati la nje la mlango, mlango huacha kutetemeka kama debe. Ila matundu madogo ya chini kabisa ya mlango msiyaguse. Hayo ni ya kutolea maji ya mvua, na mlango uliozibwa chini huoza kwa kutu ndani ya misimu michache. Sisemi kwamba karatasi za lami zitaligeuza gari la zamani kuwa ukumbi wa muziki. Nasema kwamba mtu aliyefanya mambo haya mawili mara nyingi hugundua kwamba fedha aliyotaka kununulia spika inaweza kungoja.

Hatua inayofuata kwa wengi ni redio yenyewe, na hapa magari yetu yana historia ya pekee. Sehemu kubwa ya magari yanayotembea katika barabara zetu yalitumika kwanza Japani. Huko, masafa ya FM yalikuwa kati ya megahezi 76 na 90, wakati vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana gari linatoka bandari ya Mombasa likiwa na redio nzuri ya kiwandani isiyoshika kituo chochote isipokuwa vile vichache vya mwanzo wa mkanda. Watu huuziwa kisanduku kidogo cha kuhamisha masafa, kinachofungwa kati ya antena na redio. Kinasaidia, na ni rahisi, lakini kituo cha 98 kinaonekana mahali pengine kabisa kwenye kioo, na vituo vya mbali huja na mikwaruzo. Kwa dereva anayeanza, kisanduku hicho kinatosha kabisa kwa miezi sita huku akiweka akiba. Mwenye redio ya kiwandani inayopiga vizuri kutoka kwenye simu asikimbilie kuibadilisha kwa sababu tu haina kioo kikubwa chenye picha. Tena, redio ya kiwandani ina fadhila moja ambayo polisi wanaipenda: umbo lake haliingii katika dashibodi ya gari jingine kwa urahisi, na mwizi hana soko lake.

Ukinunua redio mpya, angalia iwe na matundu ya kutolea ishara ya amplifaya, hata kama amplifaya huna leo. Hiyo ndiyo maana ya kujenga kwa hatua: kila unachonunua kiwe na mlango wa kupokea kitakachofuata.

Nije kwenye spika na wati, kwa maana hapa ndipo watu wanapodanganywa mchana kweupe. Kasha la redio limeandikwa "wati 50 mara nne", na lingine "wati 60 mara nne". Redio ya kawaida inayokula umeme wa gari moja kwa moja, isiyo na amplifaya ya nje, hutoa wati safi kati ya 15 na 22 kwa kila spika. Kinachobaki ni maandishi. Mnapoona spika imeandikwa kwa rangi nyekundu "wati 800", na sumaku yake inatoshea kiganjani kama kisosi, mjue kwamba mmesoma shairi. Tafuteni neno linalotaja nguvu ya kudumu, si nguvu ya kilele.

Liko jambo la hesabu ambalo likieleweka litawaokoa fedha nyingi. Ukitoka wati 20 ukaenda wati 40, umezidisha nguvu mara mbili, lakini sauti imepanda desibeli 3 tu; sikio linaitambua tofauti hiyo kwa shida. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara kumi. Kwa hiyo, yule anayeibadilisha redio kwa sababu nyingine imeandikwa wati kumi zaidi ametupa fedha. Kinyume chake, spika hutofautiana katika wepesi wa kuitika. Nyingine hutoa desibeli 87 kwa wati moja, nyingine 90. Tofauti ya hizo desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu ya redio mara mbili, bila kununua amplifaya. Namba hiyo huandikwa kwenye kasha, kwa maandishi madogo. Muulizeni muuzaji awasomee. Asipoijua, nendeni duka la pili.

Anzeni na spika za mbele, si za nyuma. Dereva na abiria wa mbele wanasikiliza kutoka mbele, na mtu anapotumbuiza husimama mbele ya watu. Jozi moja nzuri ya inchi sita na nusu katika milango ya mbele inashinda jozi mbili mbovu. Tuseme dereva anaweka akiba ya shilingi 20,000 za Uganda kila wiki. Baada ya wiki 13 anazo 260,000. Akizigawa kwa spika nne, redio na sabufa, atapata takataka za kila aina. Akiziweka zote katika jozi ya mbele na karatasi za mlango, atakuwa na kitu kitakachobaki kwenye gari hata atakapoongeza vingine miaka miwili baadaye. Ni ajabu jinsi watu wanavyoanza na sabufa, kitu ambacho kwa haki ni cha mwisho, kama mtu anayenunua kofia kabla ya suruali.

Sasa amplifaya, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, maana tumetoka kwenye raha tumeingia kwenye moto.

Teksi hubeba watu 14 na mara nyingi mlango wa kutokea ni mmoja. Waya wa amplifaya hutoka kwenye betri, ukapita chini ya zulia au ubavuni mwa mlango, mpaka nyuma. Betri ya gari yenye volti 12 haiwezi kumrusha mtu kwa umeme, na kwa sababu hiyo watu wanaidharau. Lakini waya wake ukichubuka ukagusa bati, ampea mamia hupita ndani yake kwa sekunde chache. Waya unakuwa mwekundu kama kaa, plastiki yake inawaka, na zulia linafuata. Kinga yake ni fyuzi, na fyuzi ina mahali pake. Fyuzi iliyofungwa nyuma, karibu na amplifaya, inailinda amplifaya. Waya wote kutoka betri hadi hapo umebaki uchi. Fyuzi kuu ifungwe karibu na betri, isizidi umbali wa dhiraa moja, yaani sentimita 45 hivi. Na pale waya unapopita kwenye tundu la bati kutoka kwenye injini kuingia ndani, pawekwe mpira wa kuuzuia usisugulike. Fundi akikuambia kwamba fyuzi si lazima kwa sababu "mashine yenyewe ina fyuzi zake", mlipe nauli yake umuage.

Unene wa waya nao una hesabu. Chukua amplifaya ya kweli ya wati 50 mara nne, yaani wati 200. Zile za mtindo wa zamani hupoteza karibu nusu ya umeme kama joto, kwa hiyo itavuta wati 400 hivi ikipigwa kwa nguvu zote. Injini ikiwa inanguruma, umeme ni volti 13.8, gawanya, upate ampea 29. Waya wa shaba halisi wa milimita za mraba 10 unatosha, na fyuzi ya ampea 40 haizidi uwezo wake. Ukijua kwamba mwaka ujao utaongeza sabufa, weka leo waya wa milimita 25, ili usilipe fundi mara mbili kung'oa zulia. Jihadharini na waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje, ambao umejaa masokoni. Ni mwepesi mkononi, na ukiukwangua uzi mmoja kwa kisu, ndani unaonekana mweupe. Hauzuiwi na mtu kuutumia, lakini lazima uwe mnene zaidi kwa kazi ileile, na muuzaji asikutoze bei ya shaba. Waya hasi ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi ling'ae. Ukifungwa juu ya rangi au juu ya kutu, ndiyo ile sauti ya mluzi inayopanda na kushuka pamoja na injini.

Madereva wa malori, nyinyi mna jambo lenu. Lori lina volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Katika foleni ya mpakani usiku ni mrefu, na wapo wanaochukua umeme wa redio kutoka kwenye betri moja kati ya hizo mbili ili wapate volti 12. Muziki unalia, lakini betri ile inapungua peke yake, na alteneta inapochaji zote mbili pamoja, mwenzake inashindiliwa kupita kiasi. Baada ya muda mnanunua betri mbili badala ya moja. Nunueni kifaa cha kubadilisha volti 24 kuwa 12, chenye ampea zinazotosha. Na kwa gari lolote lililozimwa injini: betri ya ampea-saa 60 ikitolewa ampea 10 kwa saa nne imebakiwa na theluthi moja tu, na kuwasha injini hapo ni bahati nasibu. Kumsukuma mwenzio saa tisa usiku katika maegesho ya mpakani ni kazi ambayo askari wetu wameifanya mara nyingi mno.

Sabufa nitaipitia haraka. Inayofaa kwa mwenye fedha kidogo ni moja ya inchi kumi, katika sanduku lililofungwa pande zote, lenye lita kati ya 17 na 28 kwa kufuata karatasi ya mtengenezaji. Sanduku hilo hakuna haja ya kulinunua: maseremala wetu wanaliweza, kwa mbao za kubandikwa za milimita 18, gundi katika kila kiungo, skrubu, na jasho la kuhakikisha kwamba hewa haipenyi. Mpelekeeni vipimo vya ndani, si vya nje, kwa sababu unene wa mbao unakula lita. Kisha lifungwe kwa boliti sakafuni. Sanduku la kilo 15 lisilofungwa, gari likigonga, linakuwa jiwe linaloruka kuelekea vichwa vya abiria.

Besi ndiyo inayoleta malalamiko mengi ya majirani, na sababu yake ni ya maumbile: sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, besi hupita ndani ya matofali. Wewe uliye ndani ya gari unadhani umepunguza. Mgonjwa aliyelala nyumba ya tatu anasikia mapigo tu, kama mtu anayetwanga usiku kucha. Usiku, zima kitufe cha besi. Steji zilizo karibu na zahanati wenyeviti wanazijua, na hapo sihitaji kuongeza.

Kuhusu masikio yenyewe, Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa nne kwa wiki. Dereva wa teksi huketi garini saa nyingi kuliko karani ofisini, na kondakta ndiye anayeketi karibu na spika ya nyuma. Ukishuka jioni masikio yakalia kama nzi, huo ni ujumbe, na haurudiwi mara nyingi kabla ya jibu kuwa ukiziwi. Kipimo cha barabarani ni rahisi: vioo vikiwa vimefungwa, kama huwezi kuisikia honi ya gari la nyuma yako, hutaisikia ving'ora vya gari la wagonjwa, wala honi ya treni kwa wale mnaovuka reli huko Tororo na Malaba. Treni haina uwezo wa kukukwepa.

Limebaki suala la kununua, nasi tunaishi mji wenye jina moja na serikali mbili. Wapo wanaovuka kwenda kununua upande wa pili kwa sababu bei ya siku hiyo ni nafuu, na hakuna ubaya. Lakini sikieni hili kuhusu ushuru. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wanaoutumia mama zetu wa nafaka na samaki kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Redio iliyotengenezwa Asia haigeuki kuwa ya Kenya au ya Uganda kwa kulala usiku mmoja katika duka la Busia. Itangazeni kwenye dawati la forodha, muulize kinachodaiwa, mpewe karatasi. Anayepitia njia ya panya kuokoa ushuru anapoteza kitu kikubwa zaidi: hana tena karatasi ya kuthibitisha kwamba redio ni yake. Siku itakapoibwa, atakuja kituoni na maneno matupu.

Mtu akinunua kwa hatua, ana risiti ya kila hatua. Risiti ya duka ya karatasi laini hufifia ndani ya mwaka mmoja. Ipigeni picha kwa simu siku hiyohiyo. Nyuma ya redio na chini ya amplifaya pana namba ya mfululizo. Ipigeni picha kabla fundi hajaifunga, mkaitume kwa mke, kwa mume, au kwa mwenyekiti wa steji, ili simu ikipotea picha isipotee. Tumieni pia msumari kuchora namba ya gari kwenye bati la redio, mahali pasipoonekana. Kifaa kilichotumika si haramu kukinunua. Wengi wetu hatutafika dukani kwa kipya. Lakini kinunueni mchana, kwa muuzaji mwenye meza inayojulikana, aandike jina lake, namba ya kitambulisho chake na namba ya kifaa, na fundi atie sahihi kama shahidi. Muuzaji halali hatakataa. Yule wa mfuko mweusi atakumbuka kwamba ana safari.

Nanyi mafundi, ninyi ndio mlango. Redio ya wizi haiimbi mpaka mmoja wenu aifunge. Ikiletwa na nyaya zilizokatwa, bila karatasi, kataeni kuifunga, na mkiweza piga picha ile namba. Polisi wa nchi zetu wana ushirikiano wao tangu mwaka 1998, ambapo wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliunda shirika la pamoja. Lakini hapa mpakani hatungoji barua zipande Kampala na Nairobi kwanza. Tukiwa na namba ya mfululizo, tunaweza kuwauliza wenzetu wa ng'ambo siku hiyohiyo. Tukiwa na maelezo kwamba "ilikuwa nyeusi, ina taa za buluu", hatuwezi kitu, kwa sababu zote ni nyeusi na zote zina taa za buluu.

Nimeona teksi mbili zimeegeshwa pale chini ya mwembe, na wenye nazo wamekubali milango ifunguliwe. Fundi ameleta jiwe la tochi, bisibisi na mkunjo wa karatasi ya lami. Aliye na swali la sheria abaki nami hapa mezani. Aliye na swali la besi amfuate fundi, kwani jua linashuka na milango ni minane.